Chai Iliyolala na Sambaza

Iko siku moja, mwanangu, iliyonifundisha kuliko miaka yangu yote ya shule, na naikumbuka kila ninapofungua gunia la chai. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mdomo mrefu, masikio mafupi.

Sisi ni watu wa Butembo, lakini chai ndiyo iliyotuleta Masisi. Babu aliinunua kwa wakulima wa milimani, mama akarithi duka, na jina letu likafika hadi Walikale. Halikufika kwa ujanja. Hakuna gunia lililotoka ghalani kabla mama hajaingiza kichwa ndani na kunusa, na siku ya kufunga chai hakuna aliyeruhusiwa kujipaka mafuta ya kunukia wala kumenya kitunguu. Mimi nilikuwa namcheka. Niliwaambia rafiki zangu kwamba nyumbani kwetu chai inaogopwa kuliko padri.

Mwaka ule mguu wa mama ulivimba, akanituma Walikale peke yangu na magunia sita.

“Chai inakunywaka kila harufu,” aliniambia. “Usiipange na kitu ingine mu gari.”

Nikaitikia ndiyo, Mama. Lakini rafiki yangu wa Bweremana alikuwa ameniletea magunia mawili ya sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, tuyauze Walikale tupate vitenge vya Noeli. Nikayapanga juu ya chai, turubai likafunika vyote. Mvua ikatukuta njiani, gari likakwama matopeni siku mbili. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Mteja wetu kule alikuwa Papa Bahati, mzee mwembamba ambaye wanawe walibeba chai mgongoni mwendo wa siku mbili hadi vijiji vya porini. Yeye na mama walikuwa na desturi yao: gunia likifika, Papa Bahati anachemsha sufuria ya kwanza, muuzaji na mnunuzi wanakunywa pamoja, ndipo biashara inaanza. Mimi nilikuwa nimekwisha kunusa. Nilijua kabisa kwamba chai imeshika harufu ya samaki. Nikakaa kwenye kigoda nikiomba moshi wa kuni unisitiri.

Papa Bahati akanywa, akanitazama.

“Hii chai, ni mama yako njo aliifunga hivi?”

“Ndiyo, Papa. Ni yeye.”

Akaweka kikombe chini polepole. “Basi mama amezeeka. Pua yake imekufa. Umuambie asante kwa miaka yote, lakini watoto yangu hawawezi kubeba hii mu pori. Nitatafuta muntu mwingine.”

Mwanangu, niliumia. Mama alikuwa amelala nyumbani na mguu wake, na mimi nilikuwa nimemvunjia jina kwa neno moja. Machozi yakanitoka.

“Apana, Papa. Mama haiko na kosa. Ni mie niliwekaka samaki juu ya chai. Na sasa nimekudanganya.”

Hakunipigia kelele. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka kungoja.

“Nilijua. Hata weye mwenyewe unanuka sambaza! Nilikuwa nangoja uniambie.” Kisha akawa mkali. “Chai mubaya inaweza kurudi nyumbani. Jina ya mama, ukiipoteza, haitarudi. Beba magunia yako, umuelezee weye mwenyewe. Chai ingine nitaingojea.”

Nilimweleza mama nikiwa nimepiga magoti. Aliagiza chai yote imwagwe kwenye migomba. Wiki tatu baadaye, mguu wake ukiwa bado haujapona, akanituma tena, peke yangu. Kosa moja haliachi mke. Na Papa Bahati alikuwa hajanunua kwa mtu mwingine, ingawa wauzaji wawili walikuwa wamepita mlangoni pake. Vijiji vyake vilikunywa maji ya moto matupu, vikitungoja.

Wote wawili wamekwenda sasa. Duka hili unaloliona, watoto niliowasomesha, hata heshima mnayonipa, kwa vyote nawashukuru wao. Wakiwa hai sikuwashukuru vya kutosha, ndiyo maana nakuambia wewe.

Siku hizi mnamtumia mteja picha ya chai kwa simu, na simu haina pua. Kwa hiyo sema wewe. Ukiharibu, sema mapema, kwa mdomo wako, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Usimtoe mzazi wako awe ngao ya uzembe wako. Na akija mdogo wako amekosea kama nilivyokosea mimi, mkaripie, kisha mrudishe kazini.

Mungu akubariki mikono, mwanangu. Akupe mtu wa kukungoja siku utakayokosea, na akupe nawe moyo wa kumngoja mwenzako.