Kitasa na Sauti Zinazopotea

Wateja walimwita Kitasa, na hata mama mkwe wake alikuwa ameshaacha kutumia jina lingine. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akitengeneza kufuli na kuchonga funguo katika kibanda chenye upana wa mlango mmoja na nusu. Kazi hiyo ilimfundisha kutomwamini mtu haraka. Akija mtu kusema amepoteza ufunguo wa nyumba yake, Kitasa alimtazama kwanza miguuni. Mwenye ndala huenda ametoka nyumbani kweli. Mwenye viatu vya safari aliulizwa maswali mpaka jasho limtoke.

Jioni aliketi mbele ya kinanda kikubwa cha mtumba, chenye kioo kidogo cha maandishi, alichokiweka juu ya meza ya kupigia pasi katika chumba cha pili. Kinanda hicho kiliweza kurekodi sauti yoyote kwa maikrofoni na kuipanga kwenye vibao vyake. Kitasa hakutaka filimbi wala ngoma. Alitaka kazi yake iimbe: tupa ikikwaruza shaba, springi ikiruka, funguo zikimwagika kwenye sinia. Kinanda kilikuwa na tumbo dogo. Sauti zote kwa pamoja hazikuweza kuzidi dakika moja na ushee, hivyo kila moja aliipunguza kichwa na mkia. Tena, sauti ikipigwa kwenye vibao vya kulia ilikwenda mbio na kulia kama panya. Kwenye vya kushoto ilijikokota kama mlevi. Hayo aliyavumilia.

Jumamosi moja mchana alikiwasha, akakuta wimbo upo lakini sauti hazipo. Mapigo yalihesabiwa kwenye kioo, moja, mbili, tatu, nne, na kinanda kimya kabisa. Miongoni mwa zilizopotea ilikuwamo sauti ya kufuli kubwa la ghala, ambalo mwenyewe alikuwa ameshalichukua na kusafiri nalo. Kitasa alikaa akafikiri. Mashine ikisahau, husahau yote. Anayeacha hiki na kuchukua kile ni mtu.

Mtu wa kufikiriwa hakuwa mbali. Mdogo wa mkewe, fundi rangi, alikuwa amehamia kwao miezi mitatu nyuma na kulala sebuleni. Huyo ndiye aliyewahi kusema kwamba wimbo wa shemeji yake ukipigwa mtaani, watu watatoka na marungu wakidhani mlango unavunjwa. Siku ile walipokuwa wakila, Kitasa alimkazia macho na kusema kwa sauti ya upole kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Fundi rangi alilitazama shati lake lenye madoa. "Nguoni mwangu mna rangi tu, shemeji."

Mke alicheka. Kitasa hakucheka, na kicheko cha mkewe nacho alikiweka akilini.

Kesho yake alifunga kitasa kipya kwenye mlango wa chumba cha pili, na ufunguo wake wa pekee akauning'iniza shingoni. Alirekodi upya. Siku mbili baadaye sauti zikawa zimetoweka tena, na mlango haukuwa na hata mkwaruzo. Sasa wasiwasi ukapanda daraja. Ufunguo unaolala shingoni mwa mtu unaweza kukandamizwa kwenye sabuni na kuchongwa pacha, na shingo hiyo ilikuwa na jirani mmoja tu kitandani. Alikwenda bafuni, akaigeuza sabuni kwenye mwanga, akaona kishimo. Akamuuliza mkewe kishimo hicho kimetoka wapi.

"Hiyo sabuni ninafulia nguo zako," mkewe alisema. "Na mimi unanishuku?"

Alipaswa kujibu upesi. Aliigeuza sabuni tena kwenye mwanga.

Fundi rangi alikuwa amesikia yote kutoka sebuleni. Alikunja godoro lake, akamwambia dada yake kwamba hataki kumvunjia nyumba, akaenda kulala kwenye stoo ya jengo alilokuwa akilipaka. Mke hakulia. Alimwambia mumewe kwamba kama ndugu yake ni mwizi, basi yeye ni dada wa mwizi, na mwisho wa mwezi naye atakuwa ameondoka.

Kitasa alirekodi mara ya tatu, akafunga mlango. Mkewe alikwenda kukaa wiki nzima kwa mama yake, naye shemeji hakukanyaga pale. Jumapili alipokiwasha kinanda, kimya. Watu wa kushuku walikuwa wamemwishia. Alikibeba begani mpaka kwa muuzaji.

Muuzaji aliuliza swali moja: je, alikuwa akikizima?

"Zamani nilikiacha kinawaka usiku na mchana. Tangu umeme upande bei, nakizima kila nikimaliza, na waya ninachomoa. Mimi si mzembe."

"Basi aliyezifuta ni wewe. Nilikwambia siku ile, sauti unazorekodi zinakaa humo mpaka uzime."

Maneno hayo Kitasa aliyakumbuka vizuri. Alikuwa ameelewa mpaka yeye mwenyewe azime, siku taa yake itakapozimika duniani, na kwa fahari akamtangazia mkewe kwamba kinanda kina dhamana ya maisha. Muuzaji alimweleza taratibu kwamba wimbo hubaki kwa sababu ni orodha tu ya vibao vilivyobonyezwa. Sauti zenyewe hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, na lazima zihamishiwe kwenye kadi kwa kitufe kingine. Kitasa alimtaka azime na kuwasha mara mbili mbele yake, akiwa amemsimamia karibu kama askari. Mara zote mbili jibu lilikuwa lile lile.

Alimkuta fundi rangi juu ya ngazi, brashi mkononi. Alisimama chini akasema yote, pamoja na habari ya sabuni.

"Kwa hiyo mwizi amepatikana," fundi rangi alisema bila kugeuka.

"Amepatikana. Nisamehe, shemeji. Rudi nyumbani."

Fundi rangi alimalizia kona aliyokuwa akiipaka kabla ya kushuka. Alirudi jioni ile, na dada yake siku iliyofuata. Lakini kwa muda mrefu, kila alipotaka kugusa kitu alisimama kwanza mlangoni. "Shemeji, nachukua glasi moja ya maji. Glasi nitairudisha." Kitasa alisubiri aone kama kuna mtu atacheka. Hakuna aliyecheka, naye akajibu, "Chukua."