R ya Mama Yangu

Mara ya tatu aliponiuliza kama ni R au L, nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba, hapa Kibeta, Bukoba, simu sikioni na mtoto mgongoni. Nikamjibu ni R. Kijana wa huduma kwa wateja wa benki yangu, huko Dar es Salaam, akacheka kicheko cha puani, akasema, "Dada yangu, nyie Wahaya si ndio nshomile, mliosoma? R na L zinawashinda vipi?"

Kabla sijajibu akaniambia jina la mama nililotaja si sahihi, kwa hiyo kwa usalama wangu kadi inafungwa kabisa.

Nikamwambia, "Mama aliyenizaa ninamjua mimi. Wewe unaijua kompyuta." Nilisema na mengine ambayo sitayaandika, na niliyasema kwa sauti. Jirani yangu, mama wa Kilutheri asiyependa makelele, akatoka na mwiko mkononi kuangalia nani anapigwa. Hakuna aliyekuwa anapigwa. Nilikuwa naomba ruhusa ya kununua viatu kwa hela yangu.

Binti yangu alizaliwa na miguu kifundo, yote miwili, nyayo zimetazamana kama anataka kupiga makofi kwa miguu. Tulianza matibabu akiwa na wiki tatu. Kila wiki alifungwa hogo, ile plasta nyeupe ngumu, kutoka vidoleni hadi pajani. Wiki inayofuata linakatwa, mguu unanyooshwa kidogo, anafungwa jingine. Mahogo yalipokwisha akapewa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma katikati. Daktari aliniambia, "Viatu hivi ndiyo matibabu yenyewe. Akikaa bila hivyo, mguu utarudi ulikotoka."

Akakua. Mtoto anakula ndizi na maharage, atakosaje kukua? Vidole vikaanza kusukuma mbele ya kiatu, kisigino kikatoka malengelenge. Saizi iliyofuata haikuwepo kliniki, na Mwanza tulipouliza wakasema tungoje, bila kusema mpaka lini. Muuguzi akanionesha kwenye simu yake duka la nje ya nchi lenye saizi hiyo. Wanapokea kadi tu. Nikamwambia kadi ninayo, na nilisema kwa kujidai kidogo, nakubali. Mume wangu anafanya kazi Geita; hela ya viatu ilikuwa imeshaingia kwenye akaunti yangu. Nilidhani imebaki kubonyeza tu.

Nilibonyeza. Ujumbe ukaja kwamba muamala huo si wa kawaida na umezuiwa kwa usalama wangu. Nikapiga simu, dada mmoja mwenye sauti nzuri akaniambia nirudie kesho. Kesho yake nikarudia, kadi ikafungwa. Kumbe kurudia ni dalili ya wizi. Wao ndio walionituma kurudia, halafu wakanikamata kwa kurudia.

Ndipo yakaanza ya jina la mama. Ni swali la usalama: ulilijibu siku ya kufungua akaunti, na lazima jibu lifanane herufi kwa herufi. Jina la mama yangu ni la Kihaya, refu, na katikati yake ipo herufi moja ya ugomvi. Katika Kihaya, R na L ni kitu kimoja. Si ujinga, lugha yetu haijawahi kuhitaji kuzitenga. Sekondari mwalimu wa Kiswahili alitutandika kwa sababu ya "kura" na "kula" mpaka zikakaa kichwani. Tangu hapo jina la mama naliandika kwa R, kama lilivyo kwenye cheti changu cha kuzaliwa. Kwa hiyo kila yule kijana wa simu aliponiuliza nilimjibu R, na kila mara nikawa mwongo.

Kesho yake nikaenda tawini, Bukoba mjini. Dada wa kaunta, wa umri wangu, aliangalia kompyuta yake muda mrefu, akamwangalia mtoto, halafu akanigeuzia kioo. "Mimi sijakuonesha," akasema. Pale palikuwa na L.

Nilimuuliza nani aliiandika. Akasema mteja. Hapana, sikuiandika mimi. Fomu ile ilijazwa na ofisa wa benki, mzee wa nyumbani kabisa, tukizungumza Kihaya kama tuko msibani. Nilitaja jina, akaandika alichosikia, akanipa nisome nisaini. Na hapa nitasema ukweli hata kama unaniuma: ile L niliiona. Niliiona, jicho likapita. Kwetu hilo halijawahi kuwa kosa.

Kupiga simu tena niseme L kusingesaidia; kadi iliyofungwa kabisa haifunguliwi kwa simu. Nikasema basi futeni L, wekeni R, mimi hapa, kitambulisho hiki hapa. Haiwezekani. Marekebisho yanafanywa makao makuu, tena kwa cheti cha kuzaliwa cha mama. Mama yangu alizaliwa ndani ya kibanja, kijijini Buganguzi, migomba pande zote. Cheti angepewa na nani?

Nikaenda Buganguzi na mtoto. Nilimkuta mama anaanua kahawa maana mvua ilikuwa inakuja. Nilipomweleza alitoa mfuko wa nailoni anaowekea karatasi zake. Kadi ya ubatizo ina R. Kadi ya mpiga kura ina L. Nilikaa chini kwenye mkeka nikaziangalia zote mbili, nikaanza kucheka vibaya.

Mama akauliza benki inamtafutia nini, kwani ameiba nini. Nikamwambia hawamtafuti yeye, wanadhani mwizi ni mimi. Akamvua mjukuu wake soksi, akashika kile kisigino chenye kidonda, akakaa nacho mkononi muda. Kisha akasema kwamba wa ubatizo walimwita akaitika, wa kura wakamwita akaitika, hakuna aliyewahi kumuuliza herufi.

"Wapelekee zote mbili, waitu, mwanangu," akasema. "Wachague mama wanayemtaka."

Benki walikubali nakala ya kadi ya ubatizo badala ya cheti, wakaituma makao makuu. Nikangoja. Nilikata mbele ya vile viatu kwa wembe ili vidole vipate pa kutokea, lakini kisigino kilizidi kuchubuka mpaka muuguzi akasema tuvivue, kidonda kipone kwanza. Mtoto akawa anacheza miguu mitupu, amefurahi, anarusharusha. Mimi kila asubuhi naupima mguu wa kulia kwa macho. Namwambia mume wangu kwenye simu hauna neno. Ulikuwa na neno.

Siku ya kumi na tisa ujumbe ukaingia: kadi yako iko tayari kutumika, asante kwa uvumilivu wako. Sikuwahi kuvumilia hata siku moja kati ya hizo. Nikabonyeza, safari hii ikakubali, na viatu vikachukua wiki tatu nyingine kufika.

Kliniki, daktari aliukunja mguu wa kulia taratibu, ukakataa kupanda. "Umerudi," akasema. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Viatu vipya vikabaki kwenye boksi, mtoto akafungwa hogo upya. Alikuwa ameanza kujivuta kwenye kiti asimame. Siku hiyo alijaribu, uzito wa hogo ukamvuta, akakaa chini na kuniangalia mimi.

Nilirudi tawini. Mlinzi akanionesha sanduku la maoni. Nikamwambia maoni sina. Meneja akanikaribisha ofisini, akaniagizia soda, akazungumzia changamoto za mfumo. Soda sikunywa. Niliomba karatasi, nikaandika pale pale mezani kwake, nakala mbili, na sikutoka mpaka zote zikagongwa mhuri wa kupokelewa. Nakala yangu inasema hivi:

YAH: LALAMIKO LA KUFUNGIWA KADI KWA KOSA LA BENKI

Mimi ni mteja wa tawi hili. Nililalamika kwa mdomo mara nne, sasa nalalamika kwa maandishi. Nilinunua viatu vya matibabu vya mtoto wangu, mkaniita mwizi. Jina la mama yangu liliandikwa na ofisa wenu, nami nikasaini. Kosa langu ni kusaini, nalikubali. Kosa lenu ni kwamba nilisimama mbele yenu na mtoto na kitambulisho, na katika jengo zima hakukuwa na mtu mwenye ruhusa ya kuniamini. Mhudumu wenu wa simu alinicheka kabila langu. Mazungumzo mnayarekodi, yasikilizeni. Mguu wa kulia wa mtoto umerudi ulikotoka na anafungwa hogo upya kila Jumanne. Barua ya daktari nimeambatanisha. Sihitaji pole. Nataka majibu kwa maandishi, na nataka mtu aliyeko hapa hapa Bukoba, mwenye mamlaka ya kuifungua kadi yangu siku hiyo hiyo mkiifunga tena. Daktari amesema mtoto atahitaji saizi nyingine kabla ya Krismasi, na nitanunua kwa kadi hii hii.