Kanga ya shangazi kwenye kiuno cha Rehema

Leo shangazi yangu mwenyewe amemtunza Rehema, na mimi nimekaa pembeni yake.

Ni hivi. Kwenye mahafali ya shule hapa Mafinga, mimi na Rehema tulicheza densi ya tumbo ya Kimisri, kila mtu kivyake. Mimi alinifundisha Shangazi Zuhura likizo nzima: miguu itulie, kiuno ndicho kiongee.

Nikacheza hivyo hivyo. Watu wakapiga makofi ya heshima.

Rehema akaanza Kimisri vizuri tu, katikati akaingiza singeli, akamalizia na ngoma ya Kihehe.

Nikamnong'oneza shangazi, "Hiyo siyo yenyewe, si ndiyo?"

"Siyo kabisa," akasema, huku anainuka.

Akaivua kanga yake begani, akaenda kumfunga Rehema kiunoni. Ukumbi mzima vigelegele.

Aliporudi nikamuuliza kwa nini.

"Mwanangu, kanga mtu hafungwi kwa kupatia. Anafungwa ukimtazama ukashindwa kukaa kitini."

Nina wivu, sikatai.

Halafu Rehema kanifuata nje, kanga bado kiunoni: "Mwenzangu, nifundishe ile ya kutuliza miguu. Mimi imenishinda."

Nimemwambia nina mitihani.

Sina mitihani.

Ingekuwa ninyi, mngemfundisha?