Chumba cha mbele kina mwenyewe

Saa moja asubuhi, birika la chai limeshachemka mara mbili na wageni bado hawajaamka. Mwanamke anayejulikana mtaa mzima kama Mama Wageni anapunguza moto, anafunika mkate kwa kitambaa, kisha anakaa kwenye kigoda jikoni. Hana haraka hata kidogo.

"Mtu akija likizo, mwache alale," ananong'ona. "Kama anataka kuamshwa na kengele, si angebaki kazini kwake?"

Wageni wa wiki hii ni familia iliyokuja kuutembelea mji: baba, mama, watoto wawili na bibi yao. Wamepanga vyumba viwili vya mbele vya nyumba yake. Hawafukuzani na ratiba. Jana walipanda basi mpaka mwisho wa njia, wakarudi na lilelile, kuangalia mji dirishani tu. Bibi alitangaza kuwa hajastarehe hivyo tangu aolewe, na mwanawe akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Kazi ya Mama Wageni ndiyo hiyo: kulaza watu, kuwalisha na kuwaelekeza. Anajua bustani ipi ina kivuli mchana na mgahawa upi hauwachoshi watoto kwa kusubiri. Mumewe, dereva wa teksi, huwapokea wageni stesheni na kuwarudisha.

Alianza miaka sita iliyopita, kiwanda alichokuwa akishona sare kilipofungwa. Likizo moja nzuri, anasema, humwingizia zaidi ya mshahara wake wa miezi mitatu wa wakati ule. Bati jipya juu ya nyumba limetokana na mayai na mashuka.

Lakini wageni wakiingia, wenyewe hubanana. Yeye na mumewe hulala chumba cha nyuma. Binti yao wa pekee, mwenye miaka kumi na minne, hulala sebuleni kwenye godoro analolikunja kabla wageni hawajatoka kunawa uso. Chumba chake ni kile cha mbele chenye dirisha kubwa, na ndicho kila mgeni anachokitaka.

"Hakuwahi kulalamika," mama anasema. "Hilo ndilo lililonipumbaza."

Mwisho wa likizo iliyopita, wageni wakiwa wameshaondoka, Mama Wageni alikuwa mle chumbani akitoa mashuka. Akasikia mtu mlangoni: "Hodi." Akaitika, "Karibu, jisikie nyumbani," kwa ile sauti yake ya kupokelea watu. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa ni binti yake, begi la nguo mkononi.

"Nikamwambia, wewe, hodi ya nini chumbani kwako? Akanijibu kwa upole tu: 'Nimezoea, mama. Siku hizi sijui ni changu lini.' Hakununa wala nini. Akaanza kupanga nguo zake. Mimi nikaenda jikoni nikalia."

Baadaye alimwahidi binti yake kwamba likizo hii ndiyo ya mwisho. Familia hii ikiondoka Ijumaa, chumba kitarudi kwake moja kwa moja. Mumewe alijikuna kichwa. "Dirisha lile ndilo linaloleta watu," alisema. Si mtu mbaya, ila anaijua bei ya petroli.

Leo ni Alhamisi. Ikifika saa mbili wageni wako mezani na binti anamimina chai. Baba wa familia anafuta midomo na kumgeukia mwenye nyumba.

"Mama, kwa kweli tumenogewa. Tunaomba tuongeze siku nne. Hata ukitaka kupandisha bei kidogo, tutaelewana."

Kabla mama hajafungua kinywa, binti anamtangulia. "Hakuna shida. Karibuni sana." Anatabasamu, na sauti ni ileile ya mama yake. Anaendelea kumimina bila kumwaga hata tone.

Mama Wageni anaiweka sahani ya mayai mezani taratibu. Jibu analo. Miaka sita hajawahi kumkatalia mgeni kitanda.

"Samahani sana," anasema hatimaye. "Kuanzia kesho chumba cha mbele kina mtu."

"Mgeni mwingine?" bibi anauliza.

"Hapana, bibi. Mwenyewe."

Binti analitua birika. Anamtazama mama yake, kisha baba yake aliyesimama mlangoni na ufunguo wa teksi. Baba anajikuna kichwa tena, safari hii kwa muda mrefu.

"Kuna nyumba nzuri mtaa wa pili," anawaambia wageni. "Nitawapeleka mimi. Nauli msinipe."

Bibi ndiye anayewaokoa wote. "Basi tufungashe," anasema. "Mimi hata hivyo kupanda gari sijatosheka."

Si kwamba Mama Wageni haogopi. Mapato yatapungua karibu nusu. Ana mpango wa kuwapikia kifungua kinywa wageni wa nyumba za jirani, kwa kuwa meza yake inasifiwa. Tena ana jambo jingine analoliwazia: likizo ijayo wafunge nyumba, watatu hao wasafiri hadi mji wasioujua, wapange chumba.

"Na sisi tulale mpaka jua litupige usoni," anasema. "Mtu mwingine atuchemshie chai, nami nimsumbue kidogo kuhusu sukari."

Jumamosi, wageni wakiwa wameshahamia mtaa wa pili, mpiga picha wa gazeti hili aliomba kukipiga picha kile chumba chenye dirisha kubwa. Mama Wageni akaenda kuuliza. Alikaa huko kidogo, akarudi uso umemchangamka.

"Mwenyewe amekataa," alisema. "Tafuteni pengine pa kupiga."