Nilimtoa Antena Kwenye Grupu

Asubuhi moja naingia geti la shule, mlinzi ananiangalia anacheka. Wala hafichi.

"Madam, na mimi ni kilaza wako?"

Nikadhani kakesha na chupa. Nikampita.

Nafika ofisi ya walimu, watu wananyamaza. Nafungua simu, ujumbe mia na ushee, wote wananitumia kitu kimoja. Video ya sekunde kumi na mbili. Mimi huyo, sebuleni kwangu, pembeni ya ubao wangu mdogo, natabasamu kabisa nasema: "Njia hii ni rahisi, hata vilaza wangu wa mkondo wa pili wataielewa."

Jamani!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, darasa la mtihani. Wanafunzi themanini, kipindi dakika arobaini. Hapo utamfikia nani? Nikaona isiwe tabu, nikafungua grupu la darasa mtandaoni. Kila Jumamosi narekodi somo fupi, watoto wanaliangalia kwa wakati wao, mwenye swali anatuma ujumbe wa sauti.

Weee! Watoto ambao darasani hawafungui mdomo, kule walikuwa wanabishana kama wako sokoni. Alama zikaanza kupanda, na mimi kichwa kikaanza kuvimba.

Nilikuwa na watu wawili wa kunisaidia.

Wa kwanza ni binti wa mkondo wa pili, wenzake walimwita Antena, maana simu ikimshinda yeye basi hiyo ni ya kutupa. Ndiye aliyesimamia grupu. Kila Jumatatu mapumziko nilimkabidhi simu yangu, anawarushia video wenzake wasio na bando.

Wa pili ni Mzee Chaki. Huyu alinifundisha hisabati nikiwa bado na sare. Ndiye aliyenishika mkono nikapata kazi shuleni hapa. Meza zetu zinatazamana. Namwita baba, na sikuwa namtania.

Hakuna video iliyokwenda kwa watoto bila kupita kwake. Nilikuwa narekodi ya kujaribia, namtumia, ananikosoa. Kisha ile ya kwanza naifuta kila mahali kwenye simu yangu, maana simu yenyewe imejaa mpaka inahema, halafu narekodi iliyo safi. Hata kutuma video nilimfundisha mimi, nikimshika kidole.

Sasa turudi kwenye balaa langu.

Mkuu wa shule aliniita. Wazazi wameshajaa kwenye baraza.

"Madam, nani ameisambaza hii?"

Sikufikiri hata dakika moja. Video zangu ziko kwenye simu yangu. Simu yangu anaishika nani? Antena. Na yuko mkondo gani? Wa pili. Nikasema kwisha habari, neno lile limemchoma na ameamua kunikomoa.

Nilimtoa kwenye grupu nikiwa bado nimesimama pale ofisini. Halafu nikaenda darasani.

"Simama!"

Akasimama.

"Nimekuamini na simu yangu, umekwenda kunivua nguo mbele ya dunia!"

"Madam, mimi hiyo video sijawahi hata..."

"Funga mdomo!"

Akafunga. Hakulia. Aliniangalia tu, mpaka mimi ndiye nikatazama pembeni.

Wahenga walisema hasira ya mkizi, furaha ya mvuvi. Siku ile mkizi nilikuwa mimi.

Nikaandika maelezo kurasa mbili, kwa mkono wangu mwenyewe. Mzee Chaki akanishika bega: "Pole, mwanangu. Watoto wa siku hizi hawana shukrani. Usimwonee huruma."

Antena akasimamishwa masomo, akingoja kikao cha nidhamu. Grupu likafungwa. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki tatu, na kikao kikiamua kumfukuza, jina lake linaondolewa kwenye orodha ya watahiniwa. Miaka yote ya kusoma inaishia hapo. Na maelezo yaliyokuwa mezani ni yangu.

Siku ya kikao alikuja na mama yake, fundi cherehani. Yule mama alikuwa na futi ya kupimia shingoni, haraka zilimsahaulisha kuivua. Alinisalimia vizuri kabisa. Niliitikia huku nimeangalia chini.

Mkuu akawasha projekta ili wajumbe wote waone ushahidi. Video ikatokea ukutani, kubwa.

Kwenye simu nilikuwa naangalia mdomo wangu tu, maana aibu haikupi nafasi ya kuangalia kingine. Pale ukutani, kwa mara ya kwanza, niliuona ubao.

Mstari wa tatu haukuwa na alama ya kutoa.



Kosa lile nililikumbuka. Nilirekodi Jumamosi, nikamtumia Mzee Chaki, baada ya dakika kumi akanijibu: "Mstari wa tatu umesahau alama ya kutoa. Futa, rudia." Nikafuta palepale, nikarudia, bila kosa na bila lile neno la kijinga. Antena alishika simu yangu Jumatatu. Wakati huo ile ya Jumamosi haikuwepo tena humo.

Alibaki nayo mtu mmoja tu. Na mtu huyo alikuwa amekaa kulia kwa mkuu, mjumbe wa kikao, mikono ameilaza juu ya meza.

"Baba," nikasema. "Angalia mstari wa tatu."

Akaangalia ukuta. Huyu ni mwalimu wa hisabati, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Nilimtumia mzazi mmoja tu," akasema.



"Kwa nini, baba? Mimi nimekukosea nini?"

"Miaka thelathini na moja nasimama mbele ya watoto," akasema, haniangalii. "Siku moja naeleza somo, mtoto ananiambia, mwalimu usijichoshe, tutaangalia ya madam. Darasa zima likacheka. Wewe hukuwepo. Hukusikia walivyocheka."

Nililia mbele ya kikao kama mtoto. Kwa hasira, msidhani ni huzuni. Angenifuata, angenigombeza, hata angenitukana ningevumilia. Huyu alinipa pole huku amenishika bega, na alikuwa tayari kumzika mtoto wa watu ili siri yake ipone.

Na msiniletee ya kikulacho ki nguoni mwako. Nimeshaambiwa na ukoo mzima.

Barua ya kumsimamisha Antena ikachanwa palepale. Mzee Chaki akaomba kustaafu kabla ya kuombwa. Mimi nikapewa onyo kwa lile neno, na nililistahili. Nilisimama mbele ya mkondo wa pili nikawaomba radhi. Grupu likafunguliwa.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumrudisha Antena. Dakika mbili, akatoka. Nikamrudisha tena. Akatoka tena.

Nikamfuata darasani, anafunga begi lake.

"Mwanangu, nisamehe. Rudi basi, wenzako wanakuhitaji."

"Nimeshakusamehe, madam." Akavuta zipu ya begi mpaka mwisho. "Mzee Chaki alikufanyia vile kwa wivu. Hiyo naielewa. Wewe mimi ulinifanyia kwa sababu gani?"

Akabeba begi, akanipita.

Mtihani aliufanya, akafaulu kuliko wote. Hakuja kuniaga.

Walimu wenzangu mnaofundisha kwa simu, fundisheni, tena sana, mimi bado naendelea. Ila kumtoa mtoto kwenye grupu ni kugusa kioo mara moja tu, haichukui hata pumzi. Kabla hujagusa, mpigie. Muulize, umsikilize mpaka amalize.

Mimi namba yake nilikuwa nayo.