Kimburu Katika Stoo ya Mzee Awadhi

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa usafi. Siku niliyokabidhiwa mitego ya paka niliiosha yote kwa dawa kali ya kusafishia vyoo, nikaisugua kwa brashi mpaka vidole vikachubuka, kisha nikaipanga nyuma ya hoteli moja pale Posta. Kesho yake hakukuwa na paka hata mmoja ndani. Chambo cha dagaa kilikuwa kimeliwa na sisimizi. Daktari Mfawidhi, mama aliyekuwa mkuu wa kitengo chetu, alinusa mtego mmoja akarudisha kichwa nyuma.

"Idrisa, huu ni mtego au ni wodi?"

"Nilitaka uwe safi, Dokta."

"Safi kwa nani? Paka anaishi kwa pua. Na dawa hii ikimgusa miguu ataramba, akiramba itamdhuru. Sabuni ya mche na jua vinatosha."

Nilikwenda msalani nikalia. Sikuwa na cheti cha mifugo. Nilijifunza kushika paka kwa kutazama video kwenye simu na kwa vijitabu vya zamani vya udaktari wa wanyama nilivyonunua kwa wauza vitabu wa barabarani, kwa hiyo kila kosa niliona ni ushahidi kwamba sikustahili kuwa pale. Watu hustaafu kwa umri. Mimi nimestaafu kijana kwa sababu mradi umeisha, na ninawaandikia nyinyi mtakaoishika mitego hiyo baada yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchukua damu ya paka wasio na mwenyewe, na ya vimburu. Kimburu ni paka wa porini. Kwa mbali utadhani ni paka wa jirani, ila miguu yake ni mirefu, mgongo wa masikio una wekundu, na mkia una pete na ncha nyeusi. Wa kwetu waliishi kwenye matete ya bonde la Jangwani, wakifuata panya wanaofuata taka zetu. Mwili ukikutana na ugonjwa hutengeneza kingamwili, yaani askari wa ugonjwa huo, na askari hao hubaki kwenye damu hata mnyama akipona. Basi mirija michache ya damu ndani ya deli la barafu ilitueleza kimburu ameshakutana na magonjwa gani ya mjini. Wengi walikuwa wamekutana na homa ya matumbo ya paka, ile inayomaliza watoto wa paka sokoni. Hawakuzaliwa nayo porini. Sisi ndio tuliowapelekea.

Kichaa cha mbwa, ambacho paka pia huambukiza, ni habari nyingine. Hicho hakisubiri damu ikueleze. Hupimwa kwenye ubongo wa mnyama akishakufa, na mtu aliyeumwa akianza kuugua, hakuna dawa tena.

Kutoka Posta nilipelekwa Bandarini, kwenye maghala, chini ya msimamizi aliyewaita paka "walinzi wasio na sare". Baadaye nikahamishiwa Kariakoo, na huko ndiko nilikomjua Mzee Awadhi, muuza nafaka na viungo. Babu yake alitoka Uarabuni, yeye alizaliwa mtaa wa nyuma ya duka. Kila asubuhi, kabla ya kuuza hata kilo moja ya mchele, aliwamwagia paka dagaa kwenye sinia. Akinipa salamu alisema, "Bwana Paka, wagonjwa wako hawajambo?"

Asubuhi moja nilimkuta amefunga mkono kwa kitambaa cha manjano.

"Shikamoo, mzee. Mkono umefanya nini?"

"Marahaba. Paka mgeni stoo, kajibanza nyuma ya magunia. Nimempelekea dagaa, kanisalimia kwa meno. Nimetia unga wa manjano, damu imekata."

"Yuko wapi?"

"Katoka kupitia dirishani. Jeuri kweli, hata hakukimbia. Kaniangalia kama ananidai."

Mgeni yule huenda alikuwa kimburu. Kimburu mzima humkimbia mtu; asiyekimbia huenda ana kichaa. Nilimuuliza miguu ilikuwaje, masikio, mkia. Alijibu kwa mashaka, stoo ilikuwa na giza. Na mimi nikafanya kile ambacho mtu wa aina yangu hufanya akiogopa: nikatafuta uhakika. Nilikwenda bombani nikaanza kuosha mtego mkubwa, ili nimnase, nimpime, ndipo niseme neno. Nikiwa naosha nilimpigia Daktari Mfawidhi, nikamweleza mzee ameumwa na paka.

"Umeosha?" aliuliza.

"Namalizia, Dokta. Bado mlango."

"Mlango gani? Nakuuliza jeraha la mzee!"

Nilifunga bomba ili nimsikie.

"Idrisa, achia huo mtego. Mpeleke mzee kwenye hilo bomba, sabuni na maji mengi, usikome mpaka nikwambie. Halafu hospitali, leo."

Mzee alikubali kuoshwa. Manjano yalitiririka kwenye sakafu, yakabaki matundu manne madogo. Hospitali alikataa.

"Nikienda wataniuliza kimeniuma nini. Nitasema paka. Kesho watu wa sumu, wale wanaoua paka, wako sokoni, na sinia langu ndilo litakalowekewa sumu. Unaniahidi hawatakuja?"

Nilitamani kuahidi. "Siwezi kukuahidi, mzee."

"Basi tungoje. Ukimnasa, ukaona ni mgonjwa, nitakwenda."

Alikuwa akinirudishia mawazo yangu mwenyewe, na nilipoyasikia kwa sauti ya mtu mwingine yalinitisha.

"Mzee, mimi sijui kama anaumwa. Nikingoja nijue, huenda nikajua kwa kukuona wewe kitandani. Sitaki kujua hivyo."

Binti yake, Swafiya, alikuwa anapima dengu. Aliweka kibaba chini, akamwomba radhi mteja, akaanza kushusha shata la mlango. Duka lile halikuwahi kufungwa mchana ila kwa msiba. Jirani muuza vitenge akapaza sauti, "Dada Swafiya, kafa nani?"

"Hajafa mtu," alisema. "Ndiyo maana nafunga sasa. Baba, vaa viatu."

Mzee alivaa viatu, akinung'unika kwamba mteja wa dengu hatarudi.

Alichomwa sindano ya chanjo ya kichaa siku ile na akarudi kwa zilizofuata. Mimi nilitega kila mahali kati ya stoo na bonde. Mvua kubwa ikanyesha, maji yakajaa Jangwani, na yalipopungua nilimkuta kimburu amekufa, amekwama kwenye matete. Huenda alikuwa yeye. Miguu mirefu, ncha nyeusi. Alikuwa ameoza, na maabara ikajibu kwamba hapimiki. Nilisoma jibu lile mara nyingi, kama vile neno lingebadilika.

"Kwa hiyo mmenichoma bure?" Mzee aliniuliza, akicheka.

"Sijui, mzee. Sitajua kamwe."

"Nami niko hai nakuuliza. Kunywa kahawa."

Watu wa sumu walitajwa kweli. Daktari Mfawidhi alikwenda kwa viongozi wa soko akawaeleza kwamba ukiua paka wa soko, nafasi yao huchukuliwa na wageni kutoka bondeni, ila waliochanjwa hulinda nafasi yao. Walimsikiliza kwa shingo upande, wakatupa muda wa kuchanja. Mzee Awadhi ndiye aliyetushikia paka wa mtaa wake mmoja mmoja, akiwapigia bismillahi kabla ya sindano. Mitaa mingine hatukuifikia mpaka mradi unaisha, na hilo bado linanikosesha usingizi.

Sijapona hofu. Ninapoandika haya nimeshafuta aya ya kwanza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Lakini nilipoondoka kazini nilikuwa naosha mtego kwa sabuni ya mche na kuuanika juani. Mtu akiumwa, naosha jeraha kwanza, nampeleka hospitali, ndipo naulizia mnyama. Na pale Kariakoo, paka wa sinia la Mzee Awadhi wamechanjwa.