Kwenu Hawakujui

Kwa miaka kadhaa nilishika funguo za masjala ya siri ya ofisi moja ya serikali hapa Mpanda. Ni chumba kidogo chenye nondo dirishani, na majalada yaliyomo hata baadhi ya wakuu wa idara hawaruhusiwi kuyafungua. Nani kasimamishwa kazi kwa nini, nani anaumwa nini, nani kamshtaki bosi wake, yote yalipita mikononi mwangu, nami jioni nikarudi nyumbani Kawajense, nikasonga ugali, nikanyamaza. Kabla ya kupewa chumba kile nilifanyiwa upekuzi. Serikali ikachunguza nilikozaliwa, nilikosoma na ninaoishi nao, ikaridhika.

Kisha nikahamishiwa ofisi nyingine ya serikali hiyo hiyo, ng'ambo ya barabara. Kazi ilikuwa ile ile. Siku ya kuripoti nikaambiwa nisiguse kitu mpaka nifanyiwe upekuzi. Nikasema nimeshafanyiwa. Bosi wangu mpya, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akanieleza kwamba ule ulikuwa wa kule, huku wana upekuzi wao. Nikamuuliza kama kule na huku ni nchi mbili. Swali hilo hakulipenda.

Nikawekwa kwenye benchi la korido kusubiri.

Mimi ni mtu wa Katumba. Wazee wangu walikimbia kutoka Burundi, wakapewa ardhi, wakafyeka pori, na leo wengi wetu ni Watanzania wenye vyeti vyetu. Kwetu, mgeni akija kumuulizia mtu, jibu ni kwamba hatumjui. Hata kama mwenyewe yuko nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi, hatumjui. Wazee walijifunza hivyo huko walikotoka, ambako ukimwonyesha mgeni nyumba ya jirani, jirani huyo humwoni tena. Sisi watoto tulifundishwa jibu hilo pamoja na kusalimia. Mgeni akishaondoka, ndipo aliyeuliziwa hupelekewa habari.

Upekuzi wa kwanza ulipita salama kwa sababu wapekuzi walianzia kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti aliwaita majirani, akawaambia hawa wametumwa na serikali, mtoto wetu anapata kazi, semeni mnachokijua. Wakasema. Safari ya pili alikuja mwanamume mmoja na pikipiki na miwani ya jua, hakupita kwa mwenyekiti wala kwa nani, akajifanya amesoma nami na amepoteza namba yangu ya simu. Huyo ndiye mtaalamu wao.

Jioni ile masenge alinipigia. Masenge ni shangazi kwa Kirundi, na huyu wangu ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufariki. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefanya jambo kubwa.

"Tulia, mwanangu," alisema. "Kuna mtu alikuja kukuulizia. Mtaa mzima tumemwambia hatujawahi hata kukusikia."

Nilikaa chini pale pale jikoni. Sikuweza kumgombeza. Alikuwa amenilinda kwa njia pekee anayoijua.

Baada ya muda bosi wangu akaniita, akafunga mlango. "Kwenu hawakujui," alisema. "Mtu asiyejulikana kwao siwezi kumpa funguo."

Nilimweleza yote, kuanzia walivyokimbia wazee mpaka ile miwani ya jua. Alisikiliza, kisha akasema hapaswi hata kunieleza zaidi, maana matokeo ya upekuzi ni siri. Siri ya nani? Habari ni zangu, shangazi ni wangu, na anayefichwa ni mimi! Nilitoka mle kwa hasira. Wenzangu walishapata la kusema. Mmoja aliniuliza, akijichekesha, kama uraia wangu haujaisha muda.

Sina ugomvi na upekuzi. Nimeshika majalada ya watu, najua mtu mwenye mdomo mwepesi anavyoweza kuharibu maisha ya mwenzake. Ninachokikataa ni serikali kuniamini upande huu wa barabara na kunishuku upande wa pili. Wafanye upekuzi mmoja, wauheshimu wote, ukichakaa wauhuishe. Na aliyesemwa vibaya aambiwe, ajibu. Hilo ni jambo gumu kiasi gani?

Nikagonga milango mpaka wakachoka nami, wakakubali kurudia, safari hii kupitia kwa mwenyekiti. Nikapanda bodaboda hadi Katumba kumwandaa masenge. Nilimkuta uani anachambua maharage. Nikamwambia watakuja tena, na ni watu wema, awaambie ukweli wote. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Na wakikuchukua?"

Nikamwambia hawanichukui, wananipa kazi. Akakubali, nami nikaona jinsi alivyojilazimisha. Walipokuja akawaambia kila kitu, hata siku niliyozaliwa na mkunga aliyemzalisha mama yangu. Mwenyekiti aliniambia baadaye kwamba alizungumza nao huku analia.

Upekuzi ukapita. Nilipokwenda kuchukua funguo, bosi mwenye sauti ya upole akaniambia nafasi haikuweza kusubiri, wameshampa mtu mwingine, narudishwa kule nilikotoka. Nikavuka barabara. Mkubwa wangu wa zamani alifurahi kuniona, akaniagizia chai, kisha akainamisha macho. Nilikuwa nimetoka kwenye ofisi yake, alisema, kwa hiyo ule upekuzi wa kwanza umekwisha, na niliofanyiwa huko ni wa huko. Itabidi tuanze upya.

Chai sikuinywa. Nilimwambia maneno ambayo mtumishi wa umma hapaswi kumwambia mkubwa wake, na siyafuti.

Wiki iliyopita masenge alipiga simu, safari hii kwa kunong'ona. Kuna watu wawili mlangoni wanamuulizia mtu, na mmoja amevaa miwani. Amewaambia wasubiri kidogo, anatafuta kiti.

"Niambie haraka, mwanangu," alisema. "Leo nakujua, au sikujui?"